Wasia wa Sutherland

Mji wa Kingston, katika jimbo la Ontario, umejengwa kwa mawe ya chokaa ya rangi ya kijivu, ukingoni mwa ziwa. Na mawe hayohayo yaliinua majumba ya Queen's, chuo kikuu kilichopewa hati na Malkia Victoria mwaka 1841. Waasisi wake walikuwa Waskoti wa kanisa la Presbiteri, na Uskoti haujatoka mle hata leo: wanafunzi washangiliapo timu yao huimba kwa Kigaeli, lugha ambayo wengi wao hawaijui. Kupokewa katika chuo hiki ni heshima itamaniwayo na vijana wa Kanada nzima na wa ng'ambo pia. Heshima hiyo ina historia yake, ya kutolewa na ya kunyimwa.

Mwaka 1849 aliingia kijana mweusi kutoka Jamaika, jina lake Robert Sutherland. Mwaka 1852 alitoka na shahada, na tuzo 14 za elimu juu yake. Akasomea sheria, akawa, kwa kadiri ya kumbukumbu zilizopo, wakili mweusi wa kwanza wa Kanada, akafanya kazi katika mji mdogo wa Walkerton. Alipofariki mwaka 1878 ilionekana kuwa ameusia mali yake yote, iliyozidi dola 12,000, iwe ya Queen's. Chuo kilikuwa katika dhiki, na fedha zile zilikaribia matumizi yake ya mwaka mzima. Hapakuwa na mtu mmoja aliyepata kukipa zaidi. Yasemekana sababu yake ilikuwa kwamba pale alitendewa kama muungwana. Neno hilo ni zito. Muungwana, katika Kiswahili cha kale, ni kinyume cha mtumwa, na Sutherland alizaliwa Jamaika utumwa ulipokuwa ukielekea kukoma.

Miaka 40 baada ya wasia ule, mwaka 1918, baraza la chuo lilipiga kura kwamba watu weusi wasipokewe tena katika shule ya udaktari. Walikuwamo 15 wakati huo, wengi wao wenyeji wa visiwa vya Karibi. Hawakushindwa mtihani wala hawakuvunja kanuni. Ilinenwa kwamba wagonjwa weupe, hasa askari waliorudi vitani, hawakutaka kutibiwa nao. Udhuru wa namna hii una ujanja: humtwika mgonjwa lawama, mwalimu akabaki na mikono safi. Utafiti wa baadaye umeonyesha kuwa chuo kilikuwa pia kikitafuta sifa mbele ya chama cha madaktari wa Marekani, kilichokuwa kikivipanga vyuo vya tiba kwa madaraja.

Mmoja wa wale waliosukumwa nje ni Ethelbert Bartholomew. Aliondoka bila shahada, akapata riziki kwa utumishi katika mabehewa ya kulala ya reli. Shahada yake ilitolewa mwaka 2019, mwenyewe akiwa marehemu wa siku nyingi.

Wanawake nao waliujua mlango huo. Wanafunzi wanaume walitishia kuhama ikiwa wenzao wa kike hawataondolewa. Wanawake wakafunguliwa chuo chao cha pembeni mwaka 1883, kikafungwa mwaka 1894, wala hawakurudi katika udaktari wa Queen's mpaka 1943.

Amri ya 1918 ilitekelezwa hadi mwaka 1965. Kisha ikaachwa tu, kama nguo kuukuu sandukuni, hapana aliyeifuta. Mwaka 2009 jumba moja la chuo lilipewa jina la Robert Sutherland, na kwa miaka tisa jina lake likawa ukutani na amri ile ikawa kitabuni. Mwanafunzi mmoja aliyepekua nyaraka ndiye aliyelifukua jambo hili, na baraza likaifuta amri mwaka 2018. Mwaka uliofuata chuo kiliomba radhi hadharani.

Hata leo njia ya kuingia haijatulia. Mwaka 2024 shule ya udaktari ilitangaza kwamba waombaji wote waliotimiza kiwango watapigiwa kura, na watakaoangukiwa ndio waitwe kwenye mahojiano. Mwenye alama za juu kabisa huenda akanung'unika kwamba kura haitazami bidii ya mtu. Nao wale 15 bidii yao haikutazamwa, na kura iliyowatoa ilipigwa na wanazuoni.