Data ikihama, jina lisihame nayo

Wasee, leo tuongee kuhusu kitu kidogo ambacho karibu kila mtu hukiruka: jina la kompyuta. Si jina lako la kuingilia, si nenosiri, wala si jina la Wi-Fi. Naongelea lile jina ambalo mashine yako hujitambulisha nalo kwa mashine zingine hapo nyumbani.

Msimamo wangu ni huu. Ukihamisha data ya zamani kwenda kwa kompyuta mpya, kazi haijaisha mpaka hiyo mpya ipewe jina lake. Najua kuna mtu atasema, "Jina tu? Si hayo ni mapambo?" Zii. Jina ni anwani, na nyumba mbili zikiwa na anwani moja, barua zitaenda kwa nyumba isiyofaa.

Kwanza tuelewane vile hii kitu hutokea. Kuna njia mbili za kuhamisha data. Ya kwanza ni kubeba mafolda: picha, nyaraka, nyimbo. Unaziweka kwa fleshi au diski ya nje, kisha unazibandika kwa mashine mpya. Hapo jina linabaki kule kule. Njia ya pili ni kunakili diski nzima, yaani kutoa pacha. Windows yenyewe, programu, mipangilio, hadi picha iliyo kwa skrini, vyote vinahama. Jina la kompyuta ni sehemu ya hiyo mipangilio, kwa hivyo nalo linahama. Na tuseme ukweli, wengi wetu hapa Kenya tunanunua mashine za ex-UK na kumwachia fundi kazi ya kuhamisha. Fundi akinakili diski nzima, mteja anafurahi, maana anawasha mashine na kukuta kila kitu kiko vile alikiacha.

Acha niwaambie vile ilikuwa kwetu.

Babangu alifariki mwaka jana. Aliacha ploti ya vyumba vya kupangisha, na kona ya sebule ambayo yeye aliiita ofisi: meza, printa na desktop moja nzee. Hiyo desktop aliiita MZEE-OFISI. Ndani yake kulikuwa na folda ya kodi, na ndani ya folda kuna jedwali la kila mwezi: chumba gani, nani amelipa, nani ana deni. Alikuwa ameifungua hiyo folda kwa mtandao wa nyumbani ili mamangu aweze kuiandikia kutoka kwa laptopu yake akiwa jikoni au chumbani.

Baada ya mazishi, diski ya desktop ikaanza kutoa sauti ya kukwaruza. Mjomba akaipeleka kwa fundi mjini, akanunua na desktop nyingine ya ex-UK, na diski ikanakiliwa nzima. Kazi ilifanywa safi. Fundi aliambiwa anakili, akanakili, na mashine zote mbili zikarudi zikiwaka. Mpya ikawekwa kwa meza. Ile nzee Mama alisema isizimwe, ikapelekwa chumbani kwake, ikaendelea kuwaka ikiwa bado imeunganishwa na rauta. Sitaeleza sana hapo. Waliofiwa wanajua.

Sasa angalia hesabu: mashine mbili, jina moja, mtandao mmoja. Ukibonyeza ile folda kwa laptopu ya Mama, laptopu haiulizi "ile ya sebuleni iko wapi?" Inauliza mtandao, "MZEE-OFISI ni nani?" Na atakayejibu ndiye anafunguliwa. Siku moja inajibu ya sebuleni, siku nyingine inajibu ya chumbani. Windows inaweza kutoa onyo kwamba jina hilo tayari linatumika, lakini mamangu hufanya na maonyo vile sisi sote hufanya: anabonyeza alama ya kufunga na kuendelea. Folda zilifanana. Faili zilikuwa na majina yale yale. Kwa muda wa kama miezi miwili, malipo mengine yakaandikwa huku na mengine kule.

Halafu ikafika siku ya chumba namba 6.

Hapo anaishi mama mmoja anayefulia watu nguo. Keateka akamgongea mlango, akamwambia ana deni la miezi miwili. Yule mama akatoa simu na kuonyesha meseji za M-Pesa, mwezi wa kwanza na wa pili, zote ziko. Jedwali lililofunguka kwa laptopu ya Mama lilikuwa tupu kwenye hiyo mistari miwili. Mamangu akashuku meseji. Yule mama naye akashuku kwamba kwa vile Mzee hayuko, familia imeanza kukamua wapangaji. Na alisema hivyo mbele ya majirani. Kwa ploti, neno kama hilo halihitaji siku mbili kuzunguka. Babangu alikuwa amejenga heshima yake hapo kwa miaka, na karibu iishie kwa faili ya Excel.

Nilirudi kutoka chuo wikendi hiyo. Nikafungua ukurasa wa rauta, pale panapoorodheshwa vifaa vyote vilivyounganishwa, na nikaona mistari miwili: MZEE-OFISI, MZEE-OFISI. Jina moja, namba za IP mbili tofauti. Nikafungua kila moja kwa namba yake badala ya jina. Malipo ya namba 6 yalikuwa yamekaa tu kwa mashine ya chumbani, yameandikwa vizuri na mkono wa Mama mwenyewe. Mama alivaa leso, akashuka hadi namba 6, akaomba msamaha mbele ya wale wale majirani.

Hapo ndipo nilisema lazima jina libadilishwe. Na hapo ndipo ugumu ulianza.

"Hilo jina ni babako aliliweka," Mama akaniambia. "Sasa wewe unataka kulifuta?"

Sikumjibu haraka, kwa sababu si swali la kijinga. Tumebadilisha vitu vingi tangu mwaka jana: namba ya simu ya kupokea kodi, sahihi za benki, kiti chake mezani. Kila kimoja kilikuwa na sababu nzuri, na kila kimoja kiliuma. Kwa nini na hili?

Jibu langu ni kwamba jina la kompyuta si kumbukumbu ya mtu. Kumbukumbu za babangu ziko ndani ya mafaili: picha zake, barua zake, vile alipenda kuandika maelezo marefu kando ya kila deni, "amefiwa, mpe hadi tarehe 15." Hayo yote yalihama salama na hakuna anayeyagusa. Jina ni kazi. Na ukimpa mtu aliyeenda kazi ya kujibu mtandao kila siku, kuna siku haitajibu. Laptopu ilikuwa ikishindwa kuipata folda, inaandika kwamba MZEE-OFISI haifikiki. Mama anaisoma kwa sauti: "Ati Mzee hapatikani." Nyumba nzima inanyamaza. Sidhani kuna mtu anafaa kusomewa hivyo na Windows asubuhi akiweka chai.

Na si mimi wa kwanza kuliona hili. Mwaka 1990 kuna Mmarekani anaitwa Don Libes aliandika waraka mfupi, RFC 1178, kuhusu namna ya kuchagua jina la kompyuta. Moja ya ushauri wake ni kwamba usiipe jina lako mwenyewe, kwa sababu watu watachanganya mtu na mashine. Alishauri pia utumie majina mafupi, maneno halisi, na uchague mada moja kama unataka kuzipa mashine nyingi majina. Zaidi ya miaka 30 imepita na bado ushauri unashika.

Tena kabla ya hapo, mtandao wa ARPANET ukiwa mdogo, majina ya kompyuta zote yaliwekwa kwa faili moja iliyotunzwa na taasisi ya SRI kule California. Kulikuwa na kikundi cha watu, kikiongozwa na Elizabeth Feinler, ambacho kazi yake ilikuwa pamoja na kuhakikisha majina hayagongani. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni DNS, mfumo tunaotumia hadi leo kwa majina ya intaneti. Lakini nyumbani kwenu hakuna Feinler. Hakuna ofisi ya usajili. Msajili ni wewe.

Kuna sababu ya pili ya kubadilisha, na hii inawahusu hata wale ambao hawajarithi kitu. Jina la mashine yako halikai nyumbani. Ukiunganisha laptopu kwa Wi-Fi ya hosteli, mkahawa au maktaba, kwa kawaida inatuma jina lake wakati inaomba namba ya IP. Mac nayo hulitangaza kwa mashine zilizo karibu. Mwaka 2017 ulitoka waraka mwingine, RFC 8117, ambao unasema wazi kwamba mazoea yetu ya kutumia majina haya yanavujisha siri: mtu anaweza kujua ni nani yuko hapo, na kufuatilia mashine ile ile kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Wewe msichana ambaye laptopu yako ina majina yako mawili kamili, fikiria hilo ukiwa umekaa kwa mkahawa umejaa watu huwajui. Hata kwa matatu, fungua orodha ya Wi-Fi uone simu ngapi zimejiandika jina la mwenyewe. Hujauliza, umeshaambiwa.

Sasa, vile inafanywa.

Kabla ya kitu chochote, weka nakala ya mafaili muhimu kwa diski ya nje. Kubadilisha jina hakufuti mafaili, lakini hiyo ni tabia nzuri ya kila siku. Kwa Windows, fungua Settings, ingia System, kisha About, na ubonyeze "Rename this PC". Tumia herufi, tarakimu na kistari peke yake, bila nafasi, na usizidishe herufi 15. Halafu uwashe mashine upya. Kwa Mac, ingia System Settings, General, About, na ubadilishe jina pale juu. Mac ikikuta jina lake limeshachukuliwa kwa mtandao hujiongezea namba 2 mwishoni, kwa hivyo ukiona hiyo 2 ujue huenda kuna pacha mahali. Kwa Linux nyingi za siku hizi, amri ni hostnamectl set-hostname, ikifuatwa na jina jipya.

Jua pia kile ambacho hakitabadilika. Folda yako ya mtumiaji itabaki na jina lake la zamani, na hilo si tatizo. Rauta inaweza kuendelea kuonyesha jina la zamani kwa muda. Lakini njia zote za mkato zilizoelekezwa kwa jina la zamani zitakufa: folda za mtandao, na printa kama ilikuwa inapitia kwa hiyo mashine. Hizo uziunganishe upya kwa kila laptopu ya nyumbani siku hiyo hiyo, ukiwa bado unakumbuka.

Na kama umerithi mashine, ongea na watu kwanza. Usibadilishe usiku watu wakilala. Kwetu tuliafikiana hivi: tuliunganisha majedwali mawili kuwa moja, mstari kwa mstari, tukilinganisha na meseji za M-Pesa. Ile desktop nzee imebaki na jina lake, MZEE-OFISI, lakini tumeitoa kwa Wi-Fi. Haiulizwi kitu tena na mtandao. Mama huiwasha akitaka kuangalia picha. Ya sebuleni jina jipya alichagua yeye mwenyewe: MWEMBE, kwa sababu ya ule mti babangu alipanda karibu na geti. Mtu wa nje akiliona hilo jina hajui ni nyumba ya nani, wala kwamba kuna kodi ndani. Sisi tunajua.

Kuna wenye watasema bado nimekuza jambo. Sawa. Lakini leo jioni fungua ukurasa wa rauta yenu uangalie ile orodha. Hesabu vifaa ambavyo hujui ni vya nani. Hesabu vyenye majina ya watu. Kama kuna majina mawili yanayofanana, usilale kabla hujajua ni gani inayojibu.

Halafu uniambie hapo chini: yako inaitwaje, na ni nani aliichagulia hilo jina?