Tanuru ya mkate ndani ya lupangu: safari ya Kipushi

Ukitoka Lubumbashi kwenda Kipushi njia ni fupi, kilomita karibu 30 tu upande wa kusini-magharibi, na nyuma ya mji ni mpaka wa Zambia. Usisinzie ndani ya gari. Tazama pande zote mbili za barabara. Utaona vichuguu vikubwa, vingine virefu kupita nyumba. Utaona na vingine vilivyokatwa nusu, na kando yake matofali yamepangwa yakikauka juani. Kama unataka kujenga tanuru ya mkate nyumbani, kazi yako inaanza hapo.

Pengine utauliza: tanuru ya nini, na mbabula iko? Mbabula inapika bukari vizuri, lakini moto wake unatoka chini tu. Tanuru ya matofali inapika kwa njia tatu: sakafu yenye moto, kuba linalorudisha joto kutoka juu, na hewa ya moto inayozunguka ndani. Ni tanuru ya namna ile ile ambayo watu wa Napoli, kule Italia, wanaokea pizza yao. Lakini tanuru haichagui chakula. Mkate, kuku, samaki, viazi vitamu, vyote vinaiva humo.

Tena, si kitu kigeni kwetu. Mbele ya Wazungu kufika, wafua shaba wa Katanga walikuwa wakijenga matanuru kwa udongo wa kichuguu. Walingoja kiangazi, wakachoma jiwe la kijani, malakiti, kwa makala, shaba ikatiririka, wakaimimina kuwa misalaba. Walijua kwamba udongo ule unavumilia moto. Mchwa wanapanda na udongo laini wa chini, wanaushikamanisha vizuri, na kwa sababu hiyo matofali yake ni magumu.

Lakini Kipushi ni mji wa mgodi, na hapa unatakiwa akili. Mgodi ulianza mwaka 1924, wakati wa Union Minière, ukaitwa Prince Léopold. Ukasimama mwaka 1993, na mwaka 2024 ukaanza tena kutoa zinki. Jiwe la Kipushi lina shaba na zinki, lakini lina pia risasi, kadmi na arseniki. Yaliyobaki nyuma ya kutenga madini yamelundikwa nje, laini kama unga. Mchanga ule unavutia macho ya mwashi: hauna kokoto, tena uko karibu. Usiuchukue! Mwaka 2009 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza walichokipata katika mkojo wa watu wa Katanga ya kusini. Waliokaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na madini mengi mwilini, na watoto zaidi. Sumu ya namna hiyo haionekani kwa macho wala haisikiki mdomoni. Sasa wewe utachukua vumbi lile uweke mkate wa mtoto juu yake?

Basi, mbele ya kununua tofali hata moja, uliza: udongo huu umetoka wapi? Chagua kichuguu kilicho mbali na mgodi, mbali na malundo, mbali na barabara ya malori. Mchanga utoke kwenye mto usiopokea maji ya mgodi. Kama fundi hawezi kukuambia, tafuta fundi mwingine.

Sasa tupange. Jenga kati ya Mei na Septemba, mvua ikiwa haipo. Chagua pahali ndani ya lupangu penye kuwa mbali na nyumba, mita 3 kwa uchache, pasipo paa la nyasi juu. Angalia upepo unatoka wapi, moshi usimfikie jirani.

Kwa familia, tanuru yenye upana wa sentimeta 80 ndani inatosha. Matofali ya sentimeta 22 kwa 11 kwa 7 yatahitajika karibu 200 kwa msingi, na 120 kwa sakafu na kuba, pamoja na yatakayovunjika. Yapime hivi: gonga mawili pamoja. Yakilia kama chuma, yameiva. Yakitoa sauti ya bubu, yaache. Lingine lilaze ndani ya maji usiku mzima. Likiyeyuka, rudisha yote.

Jenga msingi wa mraba, mita 1 na sentimeta 30 kila upande, urefu mpaka kiunoni. Jaza mawe na vipande ndani. Juu yake weka majivu na chupa tupu, kisha mchanga, ili joto lisipotee chini. Halafu laza matofali ya sakafu, bila udongo katikati yao, sawasawa kabisa.

Juu ya sakafu rundika mchanga wenye maji, uupe umbo la kuba lenye urefu wa sentimeta 40. Ufunike na makaratasi yaliyolowa. Panga nusu-tofali kuuzunguka, mstari juu ya mstari, mpaka kileleni. Usitumie simenti kwa ndani, sababu moto mkali unaivunja. Tumia udongo wa kichuguu na mchanga. Kipimo chake? Finyanga mipira midogo, kila mmoja na mchanga wake, uikaushe. Ule usiopasuka ndio utakufundisha.

Mlango usiwe mrefu wala mfupi. Ukiwa na kuba la sentimeta 40, mlango uwe 25. Mrefu kupita hapo, joto linakimbia. Mfupi, moto unakosa pumzi. Kuba likishikamana, toa mchanga kwa mlango, polepole. Mwishoni vika kuba koti la udongo uliochanganywa na nyasi kavu, unene wa sentimeta 10, na paa dogo la bati juu yake kwa ajili ya mvua.

Hapa vijana wengi wanaharibu kazi. Wanataka kuoka kesho yake. Haraka haraka haina baraka: maji yaliyo ndani ya matofali yakichemka ghafla, kuba linapasuka. Washa moto mdogo siku ya kwanza, uongeze kidogo kila siku, kwa muda wa juma moja.

Siku ya kuoka, washa kuni mpaka kuba, lililokuwa jeusi kwa masizi, lirudi jeupe. Kwa pizza, sukuma moto pembeni uuache uwake. Kwa mkate, ondoa moto, pangusa sakafu, funga mlango kidogo. Kisha tupa unga kidogo chini. Ukiungua mara moja, ngoja. Ukigeuka rangi ya kahawia polepole, ingiza mkate.

Neno la mwisho ni juu ya kuni. Pori la muputu na mutondo kuzunguka Lubumbashi limekatwa sana kwa ajili ya makala. Usiwashe tanuru kwa mkate mmoja. Alika majirani wawili watatu, kila mama alete unga wake, moto mmoja upike mikate ya nyumba zote: kwanza pizza, halafu mkate, na viazi vilale humo mpaka joto linaisha. Tumia matawi na magunzi ya mahindi. Mbao za zamani zenye rangi au dawa zisiingie kabisa, maana moshi wake unashika chakula.

Ukifanya hivyo, watoto wako watakula mkate ulioiva juu ya udongo safi. Nawe jirani akikuuliza umetoa wapi matofali, utakuwa na jibu la kumpa.