Madoa ya rangi juu ya motokari

Katika miji yetu ya Katanga, mvua zikikoma na majani ya miembe yakijaa vumbi, watu huzikumbuka nyumba zao. Tangu mwezi wa tano hata wa tisa ndio wakati wa kupaka rangi: kuta zimekauka, hakuna mvua itakayoharibu kazi, na arusi nyingi zangoja. Wenye fedha hununua rangi ya mafuta kwa milango na madirisha, na rangi ya maji kwa kuta. Wasio nazo hukoroga chokaa katika pipa, na nyumba zao hung'aa vilevile. Lakini kiangazi ni wakati wa upepo pia. Upepo huyachukua matone madogo yarukayo kutoka katika brashi, huyapeleka mbali kuliko mpakaji anavyodhani, nayo mara nyingi hutua juu ya motokari iliyosimama ng'ambo ya ua.

Ndugu wasomaji, twataka kuzungumza nanyi habari ya matone hayo. Labda mtu atasema: hayo ni mambo ya matajiri. Sivyo. Motokari nyingi tunazoziona katika vitongoji vyetu si za anasa. Ni shamba la jamaa. Asubuhi hubeba abiria, mchana hubeba magunia ya makaa na ya unga, na karo ya watoto hutoka humo. Motokari iliyochafuka madoa hupungua bei, na doa lililoondolewa vibaya ni baya kuliko doa lenyewe. Katika miaka tuliyofanya kazi ya karakana, tuliona motokari chache zilizoharibiwa na rangi ya nyumba, lakini tuliona nyingi zilizoharibiwa na watu waliotaka kuiondoa kwa haraka.

Kiangazi kimoja jambo hilo lilitokea katika barabara yetu wenyewe. Kijana mmoja alikuwa juu ya ngazi, akipaka rangi nyeupe ukuta wa nyumba iliyoelekea kwetu. Alikuwa kijana mwema na mwenye bidii, naye alikuwa amepatana ujira wake na mwenye nyumba. Baada ya saa sita upepo ulivuma. Jirani yake alikuwa ameacha motokari yake kando ya ua tangu jana, kwa kuwa gurudumu moja lilikuwa limetoboka. Ilikuwa ya rangi ya buluu iliyoiva, na deni lake lilikuwa halijaisha. Alipotoka nje jioni, aliikuta ina madoa meupe tangu paa hata kifuniko cha injini, kama kanga wa porini.

Mnaweza kufikiri kelele zilizofuata. Jirani aliagiza wembe na chupa ya esansi. Kijana naye, kwa hofu, alishuka mbio na kitambaa kilicholowa dawa kali ya kuzimulia rangi, akaanza kusugua mlango wa mbele. Jirani alimshika mkono, akamwambia kwamba atalipa motokari yote ipakwe upya, na gharama hiyo ilipita mishahara ya miezi mitatu ya kijana. Watu walikusanyika, wengine wakichochea, kama ilivyo desturi ya wasio na hasara. Mtoto akaja kutuita: «Papa, njoo upesi, watapigana!» Sisi tuliwaomba jambo moja tu, wasiguse kitu mpaka tujue ni rangi gani iliyoanguka, na imeangukia rangi gani.

Maana hayo ndiyo maswali mawili, na anayeyaruka hujiletea taabu.

Tuanze na ngozi ya motokari. Kiwandani, juu ya chuma hupakwa tabaka la kuzuia kutu, kisha tabaka la kusawazisha, kisha rangi yenyewe tunayoiona, na katika motokari nyingi za siku hizi, mwisho wa yote, vanishi iliyo wazi kama kioo. Tabaka hizo zote pamoja zina unene wa karatasi moja ya daftari, au moja na nusu. Vanishi peke yake huwa kama sehemu 4 au 5 za mia za milimita. Mng'ao wote umo katika utando huo, na huo ndio unaozuia jua lisiipaushe rangi. Basi, mtu akwanguaye doa kwa kisu, akate mara moja tu kupita utando huo, amefungua mlango wa kutu. Msasa, chuma cha kusugulia sufuria, hata unga wa kusafishia vyombo, vyote vina kosa hilohilo.

Tena kuna jambo ambalo wanunuzi wa motokari kuukuu hawaambiwi. Motokari inayofika kwetu baada ya miaka kumi au kumi na mitano ya kazi ng'ambo, mara nyingi imekwisha kupakwa tena sehemu fulani, ama huko, ama hapa, baada ya kugongwa. Rangi ya kiwandani imeokwa kwa moto, nayo haiyeyuki upesi. Rangi ya pili yaweza kuwa nzuri kama ile ya kwanza, au yaweza kuwa ya bei rahisi, inayoyeyuka ikiguswa na dawa yoyote kali. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Njia iliyo rahisi ni hii: chukua kitambaa cheupe, kitie dawa unayotaka kuitumia, gusa mahali pasipoonekana, kama ukingo wa ndani wa mlango au chini ya kifuniko cha nyuma, kisha tazama kitambaa. Kikichukua rangi ya motokari, acha. Na kila sehemu ijaribiwe peke yake, kwa kuwa mlango waweza kuwa wa kiwandani na ubavu ukawa wa fundi wa mtaani.

Tukirudi kwenye matone yenyewe, rangi ya maji ndiyo iliyo na huruma kuliko zote. Ni chembe ndogo sana za plastiki zinazoelea katika maji. Maji yakikauka, chembe hushikamana na kuwa utando. Katika saa ya kwanza, maji mengi na sabuni vyatosha. Baada ya siku moja utando umekwisha kushika, lakini haujawa mgumu kabisa. Huhitaji majuma matatu au manne kufikia nguvu zake zote. Maana yake ni kwamba mwenye motokari anazo siku kadhaa za kufanya kazi taratibu. Hana sababu ya kukimbilia wembe usiku.

Madoa ya jirani yetu yalikuwa ya rangi hiyo. Kesho yake alfajiri, kabla jua halijachoma chuma, tulimwambia kijana aimwagie motokari maji mengi ili vumbi lote liondoke, kwa kuwa vumbi la kiangazi likisuguliwa hugeuka msasa. Kisha tulitandaza vitambaa vilivyolowa maji ya uvuguvugu na sabuni juu ya paa na kifuniko cha injini, tukaviacha robo saa, tukiviongezea maji visikauke. Kazi ikawa ya ukucha na ya kadi kuukuu ya simu, iliyolazwa karibu sawa na chuma, daima penye maji ya sabuni. Matone mengi yalijiinua kama magamba ya samaki. Yale yaliyokataa tuliyawekea pamba yenye alkoli ya farmasi, ile ya asilimia 70, kwa nusu dakika, baada ya kuijaribu mahali pa siri. Alkoli huilainisha rangi ya maji, lakini haina nguvu ya kuidhuru vanishi ya kiwandani ikikaa kidogo tu. Tukafuta, tukasuuza, tukaenda doa la pili. Kazi ilichukua asubuhi mbili.

Ubavu mmoja ulitupa huzuni. Ni ule mlango wa mbele, ambao kijana alikuwa ameusugua kwa dawa yake katika dakika ya hofu. Kitambaa chake kilikuwa cha buluu. Mlango huo ulikuwa umepakwa upya zamani, na jirani mwenyewe hakujua. Mahali pale pamepauka, ukubwa wa kiganja cha mtu, na hakuna nta iliyoweza kuparudishia mng'ao. Mahali pengine pote hapaonyeshi kwamba rangi ilipata kuanguka.

Habari ya malipo ilimalizwa chini ya mwembe. Kijana alikuwa ametoa kazi ya mikono yake. Mwenye nyumba alinunua alkoli, pamba na kopo la nta, kwa kuwa ukuta ni wake. Jirani aliudai mlango, na kwa haki. Wakakubaliana kwamba fundi ataupaka mlango peke yake, na gharama wataigawa sehemu tatu. Wako waliosema kijana alitendewa kwa upole kupita kiasi. Sisi hatudhani hivyo: upepo haukuwa wake, na hakuna aliyemwonya mwenye motokari aisogeze au aifunike.

Kama ingalikuwa rangi ya mafuta, tungalifanya kwa namna nyingine. Hiyo haikauki kwa kupoteza maji. Hushikana na hewa na kugeuka ngumu kidogo kidogo. Ikiwa ingali mbichi, kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo huiondoa bila taabu, kisha sabuni mara mbili ili mafuta yasibaki. Ikiwa imekauka siku kadhaa, mafuta ya taa hayatoshi. Hapo hufaa ule udongo laini wa kusafishia motokari, uliotungwa Ujapani na kuenea ulimwenguni katika miaka ya 1990. Hufinyangwa mkononi kama udongo wa kuchezea watoto, hutelezeshwa juu ya maji ya sabuni, nao hung'oa matone madogo pasipo kukata vanishi kwa kina. Ukianguka chini utupwe, hata kama ni wa bei kubwa, kwa kuwa mchanga ulioshikwa ndani yake utachora mistari. Kwa matone makubwa yaliyokauka mwezi mzima, shauri letu ni kumpelekea fundi anayejua kazi ya kung'arisha.

Chokaa nayo ina tabia yake. Ikiwa mbichi ni kali. Huunguza macho, na ikikaa huila rangi ya motokari na kuacha kivuli. Imwagiwe maji mengi papo hapo. Ikikauka hugeuka kuwa kama jiwe, na maji peke yake hayaiwezi. Siki iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa huiyeyusha. Utaiona ikitoa povu. Usisugue povu hilo, maana lina chembe. Liache dakika chache, limwagie maji mengi, rudia mpaka paishe.

Vioo ndivyo visivyo na matata: wembe mpya, maji ya sabuni, basi. Lakini taa za mbele za motokari za sasa si kioo, ni plastiki; vivyo hivyo sehemu nyeusi za pembeni. Dawa ya kuzimulia rangi, na asetoni ambayo binti zetu huondolea rangi ya kucha, huzifanya ziwe na ukungu au zipasuke nyufa ndogo ndogo. Kwa hizo tumieni sabuni na subira tu.

Baada ya kazi yote, mahali paliposafishwa pamebaki bila nta, pakavu kama ngozi iliyooshwa kwa sabuni kali. Nta nyembamba, ikapakwa kivulini na kufutwa kwa kitambaa laini, hurudisha kinga. Tena, mwaka ujao tone likianguka juu ya nta, litatoka kwa taabu ndogo.

Tumeiacha esansi mwisho kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo ambayo kila mtu huitaja kwanza. Ni kweli, huondoa rangi. Lakini moshi wake usioonekana ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, na unaweza kuwaka hata katika baridi kali kuliko yoyote tunayoijua. Katika nyua zetu, hatua kumi kutoka kwenye motokari kuna mbabula yenye makaa, na mama anapika bugali. Jirani yetu alikuwa ameshika chupa ya esansi mkononi jioni ile, na mbabula ya mke wake ilikuwa imekwisha kuwashwa upande wa pili wa motokari. Baada ya kuyaona hayo ndipo alipokubali kungoja mpaka kesho.

Na mikono ya watoto waliocheza karibu na mpakaji isioshwe kwa esansi wala kwa dawa ya kuzimulia rangi, maana hupita katika ngozi. Mafuta ya mawese kidogo, yakasuguliwa mpaka rangi ilegee, kisha sabuni na maji ya uvuguvugu, vyatosha.