Karatasi za Kurudi Nyumbani

Tuliporudi Dodoma mwaka 1999 kutoka Botswana, ambako mimi na mume wangu tulikuwa tukifundisha sekondari, mizigo haikutusumbua kama karatasi. Binti yetu alizaliwa Gaborone mwaka 1996 na alikuwa na cheti cha huko tu. Uraia wake haukuwa na shaka, kwani Sheria ya Uraia ya 1995 inamtambua mtoto aliyezaliwa nje iwapo baba au mama ni Mtanzania. Kazi ilikuwa kuupata kwa maandishi. Dodoma ilitangazwa makao makuu tangu 1973 na Bunge lilikuwa likikaa hapa, ila mafaili yalikuwa Dar es Salaam.

Ofisi moja ilipeleka faili letu huko, likapotelea. Kila nilipoulizia, karani alinijibu kwa upole, “Mwalimu, bado halijapanda.” Mwishowe mume wangu alipanda basi kulifuata, kwapani ana bahasha ya kaki yenye nakala zilizogongwa mhuri na hakimu. Alilikuta mezani kwa mtu, limelaliwa na mafaili mengine, halikupungua hata karatasi moja. Lilikosa saini tu.

Mambo yalibadilika polepole, kisha yakabadilika kwa kasi. RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, ilianza mwaka 2006 na kurithi kazi za Kabidhi Wasii Mkuu. Baadaye ikaja NIDA na vitambulisho vyake vya taifa. Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma, na safari hii kweli ikahama. Wizara zikajengwa Mtumba, Uhamiaji nayo ikaleta makao makuu yake. Pasipoti ya kielektroniki ilizinduliwa Januari 2018, na leo fomu unajaza mtandaoni, malipo unafanya kwa simu. Mtu asiyewahi kufukuzia faili kwa basi hawezi kujua nafuu hii ina uzito gani.

Mwishoni mwa 2024 binti yule yule alirudi kutoka Ujerumani na mume wake Mjerumani na mtoto wa miaka mitano. Nilimwambia mapema achukue cheti cha kuzaliwa cha kimataifa kule kwenye manispaa, kwa kuwa kinaandikwa kwa lugha kadhaa, Kiingereza kikiwemo, asije akamlipa mtafsiri bure. Nikamkumbusha pia forodha: sheria ya Afrika Mashariki inasamehe ushuru wa vyombo vya nyumbani kwa anayehamia, mradi vifike ndani ya siku 90 tangu awasili. Vilifika. Wenyewe walikuja kwa treni ya mwendokasi, na mtoto alikuwa bado macho waliposhuka.

Lakini mjukuu wangu aliingia nchi ya bibi yake kwa visa. Hilo liliniuma, na bado linaniuma. Uraia wa kurithi unaishia kizazi kimoja: mama yake alizaliwa nje, hivyo hawezi kumrithisha mtoto ambaye naye kazaliwa nje. Kama mwaka ule ningekuja kujifungulia Dodoma, mjukuu angekuwa Mtanzania tangu siku yake ya kwanza. Sasa njia iliyopo ni mzazi kumwombea uraia wa tajnisi angali mdogo.

Kwa mkwe wangu ni pagumu zaidi. Mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia kwa sababu ya ndoa yake. Mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hana kifungu hicho. Maana yake kijana wangu wa kiume akioa huko nje, sheria itampa mke wake kile ambacho dada yake amenyimwa kwa mume wake. Wote nimewazaa mimi.

Mwaka 2025 Bunge lilirekebisha sheria ili watu wenye asili ya Tanzania walio na uraia wa nje wapate hadhi maalumu. Nashukuru kwa hatua hiyo, ila hadhi si uraia. Mtoto huyu anasoma hapa, anacheza hapa, na tayari ana Kigogo cha kuombea maji. Waheshimiwa wabunge, mnakaa mjini kwetu: naomba mvirudie vifungu hivyo viwili vya sheria ya 1995, cha kizazi na cha ndoa, mvirekebishe kabla watoto kama huyu hawajatimiza miaka 18.