Mgombea wa Kwenye Kanda

Mwaka 2001 ule wimbo uliingia Mikumi na malori. Madereva wa Tunduma walisimama kula, wakaacha milango wazi, na kila kanda iliyolia ilikuwa ya Profesa Jay, "Ndio Mzee". Kwa asiyeujua: mgombea yuko jukwaani anamwaga ahadi, hadi za kuwapeleka wanafunzi mwezini, na umati unamwitikia kwa maneno hayo mawili. Mimi nilikuwa nachoma mishikaki stendi. Redio ilikuwa ya jirani, betri zake za National zikianikwa juu ya bati zipate nguvu ya kumalizia wimbo. Wazee walicheka kutushinda sisi vijana, maana mikutano ya namna hiyo walikuwa wameihudhuria wenyewe.

Mwaka 2015 mwimbaji akaja kuomba ubunge wa hapa hapa, kwa jina lake la Joseph Haule na kwa tiketi ya CHADEMA. Msanii kugombea halikuwa jambo geni. Sugu alishaingia bungeni kutoka Mbeya Mjini tangu 2010. Kasheshe ilikuwa kwamba huyu wetu alishatufundisha kuwacheka wagombea. Msimu ule mwanasiasa wa chama chochote akipita kijiweni akataja kisima tu, bodaboda wote kwa sauti moja: "Ndio mzee!" Mama mmoja muuza ndizi akauliza, "Sasa huyu mwenye wimbo wake tumwitikieje?" Hakuna aliyemjibu. Oktoba akashinda.

Jimbo lenyewe si mchezo. Kuna miwa ya Kidodi, kuna Uleling'ombe huko milimani, kuna tembo wanaotoka hifadhini kuvuna wasichopanda, na ugomvi wa wakulima na wafugaji ambao Kilosa nzima inaujua tangu mauaji ya Rudewa, Desemba 2000. Makao ya wilaya yako Kilosa mjini, na wakati huo ukitoka Mikumi kwa njia ya Ulaya ilikuwa vumbi tupu kiangazi, masika tope. Mtu alifika bomani kufuata karatasi moja, nguo zimegeuka rangi ya udongo. Mbunge wa upinzani hana fungu la kuiwekea lami barabara hiyo. Silaha yake ni mdomo, na Januari 2016 serikali ikatangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vya Bunge moja kwa moja. Kwa maoni yangu hapo ndipo alipoumia zaidi: msema kweli wa redioni akawa anasemea Dodoma, sisi huku hatumsikii.

Mwaka 2020 kiti kikaenda kwa Dennis Londo wa CCM. Mwaka huo CHADEMA iliambulia jimbo moja tu nchi nzima, Nkasi Kaskazini, kwa hiyo kusema Mikumi ndiyo iliyomkataa ni kurahisisha mambo.

Mapema 2022 zikaja habari kwamba Profesa Jay yuko hospitali ya Muhimbili, hali mbaya. Aliugua figo muda mrefu. Alipopona akaanzisha taasisi ya kuwasaidia wagonjwa wa figo, akatoa na wimbo, "Siku 462". Alipokuwa kitandani, wengi pale stendi walimwombea bila kuulizana nani alimpigia nani. Muuza ndizi nilimchokoza siku moja, kura yake ya 2020 ilikwenda wapi. Akasema kura ni siri ya mtu, kisha akanidai hela ya ndizi za juzi.