Kutoka kwa Nilsson hadi kwa Meier

Nilifika Vienna mwaka 1993 kusomea uhandisi, na opera haikuwemo kabisa katika hesabu zangu. Kwetu Unguja tulibishana sana juu ya sauti, lakini sauti za taarabu: bibi yangu alishikilia kwamba baada ya Siti binti Saad hajazaliwa mwimbaji, na wajomba wakimjibu kwa Bi Kidude mpaka chai inapoa. Kilichonipeleka Opera ya Taifa ni baridi na bei. Tikiti ya kusimama ilikuwa rahisi kuliko sahani ya chakula cha mchana, na ndani kulikuwa na joto.

Nafasi za kusimama zilikuwa na mila zake. Ulipanga foleni, ukiingia uliwahi ukingo uliokuwa mbele ya mahali pako, ukafunga skafu, basi. Uliweza kwenda zako kunywa kahawa. Skafu ilikulindia nafasi na hakuna aliyeigusa. Foleni ile ndiyo iliyonisomesha. Watu waliwataja waimbaji waliokwisha kufa kama jirani aliyehama juzi: Flagstad, Melchior. Na mabishano yakipamba moto, ujue yamefika kwa Wagner, mtunzi wa opera ya Tristan na Isolde.

Aliyenishika mkono ni mzee mmoja aliyekuwa akisimama pale tangu jengo lilipofunguliwa upya Novemba 1955, baada ya kuunguzwa na mabomu mwaka 1945. Nilimwita Mzee, naye akalipenda jina hilo. Kwake mwimbaji alikuwa mmoja tu, Birgit Nilsson wa Sweden. Okestra ya Wagner, alinieleza, hukaribia watu 100, maikrofoni hakuna, na Isolde hana budi kusikika juu ya tarumbeta zote, kisha mwisho kabisa, baada ya muziki wa saa nne hivi, abaki na pumzi ya kuimba kifo chake. “Wengine okestra huwafunika, kijana,” alisema. “Nilsson ndiye aliyeifunika okestra.”

Kisa alichokipenda kuliko vyote ni cha New York, tarehe 28 Desemba 1959. Waimbaji watatu waliokuwa tayari kuimba nafasi ya Tristan waliugua wote kwa pamoja. Badala ya onyesho kuvunjwa, kila mmoja alikubali kujikaza kwa sehemu moja. Nilsson akaimba usiku mzima na wanaume watatu, yeye akiwa yule yule.

Katika foleni hiyo hiyo alikuwapo mama mmoja mwalimu wa muziki, ambaye hakutaka kusikia habari za Nilsson. Wake alikuwa Kirsten Flagstad wa Norway, na ushahidi wake ulikuwa santuri ya Tristan iliyorekodiwa mwaka 1952 chini ya mwongoza okestra Furtwängler. Mzee alikuwa na jibu tayari: nota mbili za juu kabisa katika santuri ile hazikuimbwa na Flagstad, ziliimbwa na Elisabeth Schwarzkopf. Ni kweli. Mama naye alijibu bila kutikisika: nota mbili katika saa nne, na zilizobaki je, nani mwingine angeweza kuziimba kwa utulivu ule?

Mimi nilikuwa upande wa Mzee. Kwa miaka mingi kipimo changu kilikuwa ukubwa wa sauti. Mwimbaji akiingia, ninasikiliza kama ukuta wa nyuma umetikisika.

Lakini Mama ndiye aliyenieleza habari ambayo Mzee hakuwahi kuigusa. Mwaka 1961, Wieland Wagner, mjukuu wa mtunzi, alimchagua Grace Bumbry, Mmarekani mweusi mwenye umri wa miaka 24, aimbe nafasi ya Venus katika Tannhäuser kule Bayreuth, katika jumba alilolijenga babu yake mwenyewe. Hapakuwahi kusimama mwimbaji mweusi kwenye jukwaa lile. Barua za kupinga zilimiminika hata kabla hajafungua kinywa. Alipomaliza, aliitwa jukwaani mara 42, makofi ya nusu saa. Niliposikia hayo nilinyamaza kwa muda mrefu. Nilikuwa nimesimama miezi katika foleni ile, mara nyingi mweusi peke yangu, nikidhani nimealikwa kwenye karamu ya watu wengine. Mwaka 1978 mweusi mwingine, Simon Estes, aliimba nafasi ya Mholanzi Arukaye huko huko Bayreuth. Jessye Norman naye aliimba nafasi za Sieglinde na Kundry katika opera za Wagner, na ninasikitika mpaka leo kwamba hakuwahi kuimba Isolde nzima jukwaani.

Kilichonibadilisha sikio hasa ni lugha. Kijerumani kilipoanza kuniingia, nikagundua kwamba Isolde ana kesi anayoisema, tena kwa maneno makali. Katika sehemu ya kwanza anasimulia jinsi alivyomwinulia upanga mtu aliyemuua mchumba wake, na yule majeruhi, badala ya kuutazama upanga, akamtazama machoni. Mkono ukamlegea. Hapo hapahitajiki ukuta kutikisika. Panahitajika mwanamke anayeona haya kwa huruma yake mwenyewe.

Huyo nilimpata kwa Waltraud Meier. Alianza kama mezo-soprano, akasifika kwa Kundry kule Bayreuth mwaka 1983, na mwaka 1993 akaimba Isolde pale pale. Mzee alimkataa tangu mwanzo: nota za juu anazifikia kwa jasho, alisema, na Isolde hatoki jasho. Nilimpinga kwa mara ya kwanza, na kwa wiki mbili hatukusalimiana. Alifariki akiwa na msimamo wake.

Julai 2015 nilipanda treni kwenda Munich, mji ambako Tristan na Isolde ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1865, kumsikiliza Meier akiiaga nafasi hiyo. Nilimwelewa kila neno. Alipofika kwenye ule upanga na yale macho, sauti ilikuwa ndogo, na ukumbi mzima ulikuwa umeshika pumzi.

Sauti ya Nilsson haijapata mrithi, na hilo namkubalia Mzee hata kaburini. Ila Isolde, kwangu mimi, ni Waltraud Meier.