Kuchagua Kitabu cha Ufafanuzi wa Biblia: Yaliyotupata Sisi Walimu

Wapendwa wazazi, ndugu na dada wa Nakivale, mwezi huu tumeombwa tuandike juu ya kujisomea Biblia nyumbani. Wengi mmekuwa mkituuliza: mwalimu, ninunue kitabu gani kinifafanulie Neno? Tungeweza kujibu kwa mistari mitatu tu, lakini tumeona heri tuwasimulie yaliyotupata wenyewe, maana hata sisi tulifundishwa na shida.

Sisi ni walimu watano wa kujitolea. Jumamosi jioni, baada ya kusahihisha madaftari, tunakaa darasani tunasoma Biblia pamoja. Tuko wa makanisa tofauti: kuna Mwanglikana, kuna Mkatoliki, wengine tunatoka makanisa ya kiroho. Hakuna kati yetu aliyesoma chuo cha Biblia. Tulimaliza sekondari, basi. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka mwezi wa nane mwaka 2024.

Mwezi huo mama mmoja jirani yetu alitoka ibadani akicheza. Mhubiri mgeni alikuwa amesoma Yeremia 29 mstari wa 11, ule ambao Mungu anasema anajua mawazo anayowawazia watu wake, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Mhubiri akasema mstari ule ni wa kila mkimbizi mwenye kesi ya kwenda ng'ambo, na kwamba mwaka hautaisha kabla ya ndege kuondoka. Mama yule kesi yake ilikuwa ya Marekani. Amesubiri miaka mingi, anatunza watoto wake na wajukuu wawili. Basi akaamini. Mvua za Septemba zilipokaribia akakodisha shamba lake lote kwa msimu mzima, akauza na jembe moja, akanunua mabegi mawili ya safari.

Ninyi wenyewe mnajua shamba ni nini hapa. Tangu mwaka 2020 WFP ilipoanza kupunguza mgao, mwenye maharage yake na mahindi yake ndiye anayelala ameshiba. Bila shamba, watoto wale wangekula nini hadi ndege ije?

Mama akatuita. "Wanangu, ninyi mmesoma. Mstari huu ni wangu ama si wangu?"

Jamani, tulipata aibu. Mmoja wetu akasema ni wako mama, Neno la Mungu ni la wote. Mwingine akasema hapana, ule ni wa Waisraeli wa zamani, haukuhusu. Wa tatu akasema tuombe. Tukabishana mbele ya mama wa watu mpaka chai ikapoa. Tuliporudi nyumbani tukaambiana ukweli: sisi sote tulikuwa tunaujua mstari wa 11 kwa moyo, lakini hakuna aliyejua mstari wa 10 unasema nini. Hapo ndipo tukaamua tuchange fedha tununue kitabu cha ufafanuzi.

Tulikuwa na Itifaki ya Biblia ya zamani, ya mzee wa kanisa mmoja, lakini itifaki inakuonyesha tu neno liko wapi, haikuelezi maana. Kamusi ya Biblia inakueleza watu, miji na vitu. Ufafanuzi, ambao wengine wanauita komentari, ndio unaokwenda na wewe sura kwa sura: nani aliandika, kwa nani, wakati gani, na kwa nini. Ni kama yule Mwethiopia wa Matendo 8 aliyekuwa garini anasoma Isaya. Filipo alipomuuliza kama anaelewa, akajibu ataelewaje mtu asipomwongoza. Sisi tulikuwa tunamtafuta Filipo wetu.

Tulichanga shilingi 85,000. Mwezi wa kumi wawili wetu wakapanda takisi hadi Mbarara. Wakazunguka vibanda na maduka ya vitabu karibu na High Street tangu asubuhi. Waliporudi walitueleza yote, ndiyo maana tunaandika kama tulikuwa wote.

Kwanza walikuta vijitabu vyembamba, vyenye jalada la kung'aa, bei rahisi. Kwa fedha yetu tungepata hata vinne. Wakafungua kimoja watafute Yeremia 29. Kumbe mle mlikuwa na mstari wa 11 peke yake, umezungukwa na ahadi nyingine zilizokatwa huku na huku. Hicho kitabu si ufafanuzi. Yale aliyosema mhubiri wetu ndiyo yaliyoandikwa mle, tena bila kueleza.

Halafu wakaona vitabu vya William Barclay, mwalimu wa Uskoti aliyefundisha chuo kikuu cha Glasgow, akafariki mwaka 1978. Ni vitabu vizuri sana kwa mtu wa kawaida. Anagawa maandiko vipande vidogo vya kila siku, anakueleza desturi za Wayahudi na Wagiriki mpaka unaona kama ulikuwepo. Lakini tahadhari mbili. Yeye mwenyewe aliandika juu ya Agano Jipya, kwa hiyo Yeremia wetu hakuwemo. Tena kwenye miujiza mingine anapenda kutafuta maelezo ya kawaida, na wapo Wakristo wasiokubaliana naye hapo. Si sababu ya kumtupa, ila ujue.

Wa tatu alikuwa Matthew Henry, aliyefupishwa kuwa kitabu kimoja. Huyu ni mchungaji wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1662, mwaka uleule baba yake, naye mchungaji, alipoondolewa kanisani kwake kwa sababu ya sheria mpya ya dini. Kwa hiyo kufukuzwa alikujua tangu tumboni. Alianza kuandika mwaka 1704, akafariki 1714 akiwa amefika Matendo ya Mitume. Wachungaji wenzake ndio waliomalizia nyaraka na Ufunuo. Yeremia yumo, na moyo wa ibada umo. Ugumu wake ni Kiingereza cha miaka mia tatu iliyopita. Tena kwa sababu ni cha zamani mno na hakina haki za mtu, kinapatikana bure kwenye simu, na mmoja wetu alikuwa nacho tayari. Tulipe fedha ya nini?

Mwisho kabisa, juu ya rafu, wakaona kitabu kinene kama tofali. Africa Bible Commentary, kilichotoka Nairobi mwaka 2006. Msimamizi wake alikuwa Tokunboh Adeyemo wa Nigeria, aliyefariki mwaka 2010. Wasomi 70 wa Afrika walishirikiana kufafanua Biblia nzima kwenye kitabu kimoja. Katikati ya ufafanuzi kuna makala juu ya mambo yetu: ukimwi, uchawi, mizimu, ukabila, kurithi wajane, hata wakimbizi. Mwaka 2008 kikatoka pia kwa Kifaransa, kwa jina Commentaire Biblique Contemporain. Hilo lilitugusa, kwa sababu wazazi wetu waliotoka Kongo na Burundi wanasoma Kifaransa, na sisi vijana tuliosomea Uganda tunasoma Kiingereza. Wazo hilohilo mzee na kijana wanaweza kulisoma kila mtu kwa lugha yake, halafu wakazungumza kwa Kiswahili.

"Ssebo, bei ya mwisho?" Bei ya mwisho ilikuwa kali, ilipita mchango wetu mbali. Mwenye duka, Mungu ambariki, akawaruhusu wakae kwenye benchi wasome sura ya Yeremia, wakanakili kwenye daftari mpaka saa kumi. Wakaacha kianzio, wakarudi mikono mitupu.

Usiku ule tulibishana tena. Mmoja alikasirika: tungeleta vijitabu vinne, kila mtu na chake, leo tumeleta daftari! Lakini tulipofungua daftari lile na Biblia pembeni, ugomvi uliisha wenyewe.

Kumbe Yeremia 29 ni barua. Nabii aliyebaki Yerusalemu aliwaandikia watu waliochukuliwa uhamishoni Babeli baada ya mwaka 597 kabla ya Kristo. Yaani ni barua kwa watu kama sisi! Na barua haianzi na mstari wa 11. Inaanza kwa kuwaambia wajenge nyumba wakae, wapande bustani wale matunda yake, waoe na kuozesha watoto. Mstari wa 7 unawaambia wautafute usalama wa mji walikopelekwa na kuuombea. Mstari wa 8 unawaonya juu ya manabii wanaowadanganya. Mstari wa 10 unasema watarudi baada ya miaka 70. Ndipo mstari wa 11 unakuja. Tena sura ya 28, juu yake kidogo, kuna nabii Hanania aliyewaambia watu kwamba mambo yataisha kwa miaka miwili. Watu walimpenda Hanania. Nani asingempenda? Lakini Mungu hakumtuma.

Tulinyamaza kimya. Mstari uliomfanya mama aache kulima uko ndani ya barua inayosema limeni.

Tukaenda kwake mwezi wa kumi na moja. Tulimsomea sura nzima polepole, bila kumsema mhubiri vibaya. Alisikiliza, halafu akauliza swali ambalo hatutalisahau: "Kwa hiyo sitakwenda?"

Tukamjibu: mama, kitabu hakijui kesi yako, na sisi hatuijui. Mungu anakuwazia mema kweli. Lakini waliopewa ahadi ile waliambiwa wasubiri huku wakipanda. Hakutushukuru siku ile. Alikaa kimya, tukaaga tukaondoka. Baadaye tulisikia aliyekodi shamba alikuja kuomba msimu wa pili, mama akakataa.

Januari 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Mnakumbuka kilio cha siku zile, hata waliokuwa wameshapangiwa tarehe ya ndege walibaki. Mama naye alilia. Lakini mvua za Machi zilimkuta na shamba lake mkononi, akapanda maharage na mahindi. Hatusemi sisi ndio tuliomwokoa, hapana. Msimu mmoja ulikuwa umeshapotea, na watoto walishinda na njaa miezi ile tukiwaona. Tungelijua Neno mapema, tungemjibu siku ile ya kwanza.

Kile kitabu kinene tulikipata baada ya mchango wa pili, ambao wazazi kadhaa walituongezea, mmoja kwa debe la maharage. Sasa basi, kwa wale mnaotaka kununua, tunawashauri hivi:

Kwanza, jua nani ameandika, lini, na ni wa kanisa gani. Ndugu zetu Wakatoliki wana vitabu vya Biblia 73, Waprotestanti 66, kwa hiyo ufafanuzi wa huku unaweza kukosa Tobiti au Wamakabayo. Mkatoliki mwenzetu anatumia The African Bible ya Paulines, iliyotolewa Nairobi mwaka 1999. Ina maelezo chini ya kurasa, na tumeichota sana.

Pili, kabla ya kulipa, kipime. Chagua sura moja inayokusumbua, ifungue humo dukani. Je, kinaeleza mistari ya kabla na ya baada? Kinataja wakati na mahali? Kikikuta jambo gumu kinakiri kuwa watu wanatofautiana, au kinaruka? Kikiruka, kirudishe.

Tatu, angalia lugha yako kweli. Usinunue Kiingereza cha kujivunia kwenye meza. Kitabu usichokielewa ni mzigo wa pili juu ya ule uliokuja nao.

Nne, kama fedha ni kidogo, nunua kimoja cha Biblia nzima kuliko vingi vya kitabu kimoja kimoja. Au changeni majirani wanne watano. Cha mtumba kinafaa, ila hesabu kurasa.

Tano, na hili ni kubwa: soma Biblia kwanza. Soma sura nzima mara mbili, andika maswali yako, ndipo ufungue ufafanuzi. Ukianza na ufafanuzi utakuwa umebadilisha mhubiri mmoja kwa mwingine. Watu wa Beroya katika Matendo 17 walisifiwa kwa sababu walimsikiliza hata Paulo halafu wakachunguza wenyewe. Na Paulo mwenyewe, akiwa kifungoni, alimwandikia Timotheo amletee joho lake na vitabu. Baridi ilikuwepo, lakini vitabu hakuvisahau.

Jambo la mwisho. Ule mstari wa 7 bado unatusumbua sisi walimu. Kuutafuta usalama wa mji maana yake ni kuwaombea pia wenyeji wa Isingiro tunaochota nao maji na kulima nao mpaka mmoja, hata siku ng'ombe wao wakiingia shambani. Kitabu kilitueleza maana ya mstari, lakini kuutenda kimetuachia sisi.

Kitabu kipo darasani, kimefungwa kwa nailoni kisilowe. Jumamosi saa tisa mtu yeyote aje, awe wa kanisa lolote. Asiyejua kusoma tutamsomea. Mama yetu yule huja pia, hukaa mbele, na kila tukisoma mstari mtamu yeye huuliza kwa sauti: "Na wa juu yake unasema nini?"

Mungu awabariki.
Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.